Mji Unapokifikia Kibanja: Maelezo kwa Vyama vya Msingi Juu ya Upimaji wa Viwanja

Wanachama wa vyama vya msingi vilivyo karibu na miji inayokua huwauliza makatibu wao maswali mawili, na kila mwaka maswali hayo huulizwa kwa sauti kubwa zaidi. La kwanza ni hili: wapimaji wa viwanja wakija, mibuni yetu itahesabiwa namna gani? La pili huulizwa na wachache, ingawa ndilo zito zaidi: ghala la chama limesimama juu ya ardhi ya nani? Makala haya yanakusudia kueleza mambo ambayo katibu na mwanachama hawana budi kuyafahamu kabla ya siku ya upimaji, kwa maana siku yenyewe ikishafika mengi huwa yamekwisha kuamuliwa.

Watu wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kuambiwa kwamba mji unakuja. Barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene imeibadili sura ya Omurushaka, na kati ya hapo na Kayanga nyumba zinafuatana kando ya njia mahali palipokuwa na migomba. Wilaya ya Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012, zilihitajika ofisi, nyumba za watumishi, zahanati, maduka na vituo vya magari. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu zaidi ya watu 320,000 katika kila moja ya wilaya hizi mbili. Nkwenda, Isingiro, Kaisho, Mabira, na hata Murongo mpakani mwa Uganda, ni mahali ambapo mtu aliyeondoka miaka kumi iliyopita akirudi huulizia njia.

Kukua kwa mji si jambo baya. Mkulima huuza ndizi na maharage yake mjini, watoto wake husoma huko, na mgonjwa wake hutibiwa huko. Linalohitaji kuangaliwa ni kwamba katika wilaya hizi mji haukui juu ya ardhi tupu. Miji yetu imezaliwa katikati ya vibanja, na kibanja si shamba tu kwa maana ya watu wa mahali pengine. Ndani yake mna mbuni, mgomba na maharage katika shimo moja la samadi, mna nyumba, na nyuma ya nyumba mna makaburi ya wazee. Anayeweka jiwe la mpaka katikati ya kibanja anagusa mambo haya yote kwa mara moja, hata kama yeye mwenyewe anadhani anapima mita za mraba.

Iko pia kumbukumbu ya zamani ambayo wapangaji wa miji wasiotoka huku huenda wasiijue. Chini ya mfumo wa nyarubanja, familia nyingi zililima ardhi iliyohesabiwa kuwa ya bwana, zikamtolea sehemu ya mazao na kazi ya mikono yao. Mfumo huo ulifutwa kwa sheria mwaka 1965, mkoa huu ulipokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, na aliyekuwa akiilima ardhi akawa ndiye mwenyewe. Wazee walioyaona hayo wakiwa vijana bado wapo. Mtu wa namna hii anaposikia mkutanoni kwamba kibanja chake sasa kiko ndani ya "eneo la mpango", sikio lake husikia jambo jingine kabisa, na afisa aliyesimama mbele hushangaa kwa nini mzee mpole amekasirika.

Mikutano ya kujadili mipango hii huwa na pande zaidi ya mbili. Wapo vijana ambao hawatarithi zaidi ya nusu ekari, nao wanataka viwanja vipimwe upesi ili wajenge vibanda vya biashara. Wapo wazee wasiotaka kusikia neno "kiwanja". Wapo wajane wanaohofu kwamba shemeji zao watatumia nafasi hiyo kuandikisha ardhi kwa majina yao. Wapo waliokwisha kuuza kipande kwa siri, na hao huwa kimya. Wapo pia wageni walionunua kando ya barabara, ambao wanapenda mpango kwa sababu hati huongeza bei ya walichonunua. Wote hawa waweza kuwa wanachama wa chama kimoja cha msingi, wakileta kahawa kwenye mzani mmoja. Ndiyo sababu jambo hili ni la ushirika pia, wala si la ofisi ya ardhi peke yake.

Maneno yanayochanganywa

Ugomvi mwingi hutokana na watu kuchanganya mambo yasiyofanana. Kutangazwa kwa eneo kuwa eneo la mpango, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, hakumnyang'anyi mtu ardhi. Tangazo hilo lina maana kwamba tangu sasa ujenzi na matumizi ya ardhi hapo yatafuata mchoro, na kwamba mchoro huo hauna budi kutayarishwa kwa kuwashirikisha wakazi na kuonyeshwa hadharani ili wenye pingamizi walitoe katika muda uliotajwa. Hapa ndipo mahali pa kusema. Barabara iliyochorwa juu ya ghala la chama yaweza kusogezwa kwa kalamu mchoro ukiwa mezani, ilhali baadaye haisogezwi ila kwa wakili.

Urasimishaji ni jambo la pili. Hapo wakazi hubaki walipo, mipaka yao hupimwa kama ilivyo, kila mmoja hutoa kipande kidogo kwa ajili ya njia, kisha huomba hati. Kwa kawaida wakazi huchangia gharama, na hakuna anayelipwa fidia kwa kipande cha njia isipokuwa wamekubaliana hivyo.

Utwaaji ni jambo la tatu, na ndilo linalotisha. Chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, Rais anaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na mwenye ardhi hulipwa fidia. Uwezo huo hakupewa mtu mwingine. Kampuni ya kuuza viwanja, hata iwe na magari mazuri na ramani za rangi, haiwezi kutwaa chochote. Inaweza kununua tu, na kununua kunahitaji muuzaji aliye radhi. Inasikitisha kwamba watu wameuza kwa bei ya hasara kwa kuamini kuwa "ukikataa Serikali itachukua bure".

Palipo kijiji, yafaa ikumbukwe kwamba Halmashauri ya Kijiji ni mdhamini wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi pasipo idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa na kuwa ardhi ya jumla, kama inavyokuwa mji unapopanuliwa, sheria hiyo inautaka Mkutano Mkuu ukubali au ukatae ikiwa eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo Waziri ndiye anayeamua, baada ya kuyazingatia mapendekezo ya mkutano. Aina, kiasi na namna ya fidia hupaswa kukubaliwa kabla ya uhamisho. Kwa hiyo mkutano ule ambao watu huukwepa wakisema ni wa siasa ndio wenye mamlaka, na muhtasari wake ndio utakaosomwa miaka kumi baadaye. Mwanachama ambaye hakuhudhuria asishangae kukuta jina lake limeandikwa katika orodha ya waliokubali.

Yaliyotokea kwingine

Mfano ulio karibu ni wa Bukoba. Manispaa hiyo ilianzisha mradi wa upimaji wa viwanja 5,000 pembezoni mwa mji. Mwaka 2013 mabishano juu ya miradi ya Manispaa, huo ukiwamo, yaliligawa baraza la madiwani hata Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akafanya ukaguzi maalumu, na taarifa yake ikasomwa mwaka 2014. Waliokuwa wakingoja wakati wote huo ni watu wa kawaida: aliyesubiri fidia, na aliyelipia kiwanja. Viongozi wanapobishana, mkulima hajui apande au asipande.

Huko Dar es Salaam kuna mifano miwili mikubwa. Wa kwanza ni mradi uliojulikana kama Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002. Mashamba ya pembezoni, kama Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Tuangoma na Buyuni, yalipimwa, wenyewe wakalipwa fidia, na viwanja vikauzwa kwa umma. Kwa upande wa ramani mradi ulifanya kazi: barabara zilionekana na hati zilitolewa upesi kuliko ilivyozoeleka. Kwa upande wa mkulima hesabu ilikuwa nyingine, kwa kuwa wengi wa waliolipwa fidia ya shamba hawakumudu kununua kiwanja katika shamba lile lile.

Wa pili ni Kigamboni. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza nia ya kujenga mji mpya ng'ambo ya bandari, katika eneo lililogusa Tungi, Vijibweni, Mjimwema na jirani zao, na ikazuia watu kuendeleza maeneo yao wakati mipango ikitayarishwa. Zuio hilo lilidumu kwa miaka. Mwenye nyumba ya vyumba viwili hakuruhusiwa kuongeza cha tatu. Mwenye kiwanja hakupata wa kumkopesha. Wakazi walifanya mikutano, wakaunda kamati, wakahoji fidia, wakauliza kwa nini wasiwe na hisa katika mji utakaojengwa juu ya ardhi yao. Mbunge wao wa wakati huo, marehemu Dk. Faustine Ndugulile, aliyafikisha madai hayo Bungeni, mbele ya Wizara ya Ardhi iliyokuwa ikiongozwa na Profesa Anna Tibaijuka, mwenyeji wa mkoa wetu huu wa Kagera. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, lakini mji mpya kama ulivyochorwa haukujengwa.

Wapo wanaosema kwamba wakazi wa Kigamboni waliyakataa maendeleo. Ukiyasoma madai yao kwa utulivu hulioni hilo. Waliuliza maswali matatu tu: tutalipwa lini, tutalipwa nini, na baada ya hapo tutaishi wapi. Mpango wowote usio na majibu ya maswali hayo haujawa tayari kupelekwa mkutanoni, uwe wa Dar es Salaam au wa Kayanga.

Hesabu ya ekari moja

Mfano mmoja utasaidia. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Mbuni wa robusta uliopandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, bila mgomba, huingia miti isiyozidi 450 katika ekari. Katika kibanja cha mchanganyiko ni michache zaidi. Ekari hiyo ikipimwa viwanja, na ikiwa theluthi moja itakwenda katika barabara, njia za maji na maeneo ya wazi, zitabaki mita za mraba 2,700 kasoro kidogo. Viwanja vya mita 20 kwa 30 vitapatikana vinne, na baki itasalia.

Sasa katibu na amwulize mwanachama wake: katika viwanja vinne hivyo, wewe unavyo vingapi? Ikiwa ni urasimishaji au makubaliano ya kugawana, huenda akawa navyo viwili au vitatu, na akabaki mtu wa mahali hapo. Ikiwa ni utwaaji, hana hata kimoja ila atakachonunua. Ikiwa ameuza kwa kampuni kwa bei ya ekari, kampuni itauza kwa bei ya mita ya mraba, na tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo faida inayozungumzwa hotelini. Hakuna wizi katika hilo, kwa kuwa kupima na kuchonga barabara hugharimu fedha. Bali mkulima anayeuza bila kuifanya hesabu hii amewaachia wengine wamfanyie.

Fidia huhesabiwaje

Zamani ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina bei. Kilicholipwa ni jengo na mimea. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilikubali kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kabla yake, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kanuni za mwaka 2001 zilitaja yanayoingia katika fidia: thamani ya ardhi kwa bei ya soko na maendelezo yaliyo juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, inayohesabiwa kwa kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20, posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba kwa miezi 36, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Makaburi nayo yana sheria yake tangu mwaka 1969, na kuyahamisha kunahitaji taratibu na malipo yake yenyewe.

Kuhusu mibuni, mthamini huangalia idadi, umri na hali. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Tangu ugonjwa wa mnyauko ulipoingia katika kahawa ya Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, wakulima wengi wameng'oa mibuni ya wazee na kupanda miche mipya. Mche wa mwaka mmoja hauhesabiwi sawa na mbuni unaozaa, hata kama mkulima ameutilia jasho lile lile. Aliyeandika tarehe ya kupanda ana la kumwonyesha mthamini; asiyeandika atakadiriwa kwa macho. Stakabadhi za malipo ya kahawa za miaka kadhaa nazo husaidia kuonyesha kwamba kibanja kinatunzwa na kuvunwa na mtu huyo, wala si na ndugu yake aliyetokea mjini juzi akiwa na barua.

Mwanachama asitie sahihi fomu ya uthamini iliyo tupu au ambayo hakusomewa. Aombe nakala. Uthamini hauna budi kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 uthamini wa fidia ambao haukulipwa ndani ya miaka miwili hupoteza nguvu na hapana budi ufanywe upya. Malipo yakichelewa kupita miezi sita, riba hudaiwa. Watu wengi hawaidai kwa sababu hawakuambiwa, na anayelipa hana haraka ya kuwaambia.

Jambo la mke na mume lisisahauliwe. Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani pasipo ridhaa ya mwenzi. Tena mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, katika shauri lililotoka mkoa huu wa Kagera mbele ya Jaji Mwalusanya, ilikataa kanuni ya kimila iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi. Kwa hiyo katibu asikubali kuwa shahidi wa mauzo ambayo mke hakuitwa, na asimwambie mwanachama mwanamke kwamba kibanja chake "ni cha ukoo" ili anyamaze mkutanoni. Mwanamke huyo huleta kahawa kwa namba yake mwenyewe ya uanachama.

Ghala la chama

Sasa swali la pili. Ofisi, maghala na viwanja vya kuanikia vya vyama vingi vya msingi hapa nchini vilijengwa zamani, juu ya ardhi iliyotolewa kwa neno la mdomo na mzee mmoja au na serikali ya kijiji. Mwaka 1976 vyama vikuu na vya msingi vilipovunjwa, kazi zao zikachukuliwa na vijiji na mamlaka za mazao, na majengo yakachukuliwa pamoja nazo. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na ile ya mwaka 1991 ikarudisha vyama vya wanachama wenyewe, lakini majengo hayakurudi yote kwa maandishi. Mahali pengine kijiji kilikabidhi funguo bila kukabidhi karatasi. Katika miaka hiyo haikuonekana kuwa na maana, kwa kuwa ardhi ile haikuwa na mnunuzi.

Leo ghala lile limo kando ya barabara kuu, na jirani yake ni duka la vifaa vya ujenzi. Mpimaji akija na kuuliza, "Hapa ni kwa nani?" watajibu watatu kwa pamoja: mwenyekiti wa kitongoji, mjukuu wa mzee aliyetoa eneo, na katibu wa chama. Mwenye maandishi ndiye ataandikwa. Chama kinachopoteza kiwanja cha ghala hupoteza dhamana ya mkopo wa msimu, hupoteza mahali pa kukusanyia, na wanachama wake hubaki wakibeba magunia kwenda kwa wanunuzi wa kangomba kwa bei wanayopangiwa.

Kwa hiyo Bodi ya kila chama kilicho ndani au karibu na eneo la mji yafaa ifanye kazi hii mapema, msimu ukiwa umelala. Itafutwe hati yoyote iliyopo: barua ya kijiji, muhtasari, stakabadhi ya mnunuzi wa kale, kitabu cha mali cha mkaguzi. Pasipo na kitu, watafutwe wazee walioshuhudia, maelezo yao yaandikwe na kutiwa sahihi wakiwa hai. Kisha Halmashauri ya Kijiji iombwe kuthibitisha katika mkutano, na chama kiombe hati ya hakimiliki ya kimila. Au ikiwa ni eneo la mji, kiombe kupimiwa na kupewa hati kwa jina la chama lililoandikishwa kwa Mrajis. Isiwe kwa jina la mwenyekiti. Makosa ya namna hiyo yamekwisha kuwafikisha warithi na vyama mahakamani, na shauri la ardhi hula fedha kuliko panya wanavyokula maharage.

Huenda pia ikaja kampuni na kukiambia chama: tupeni kiwanja, tutajenga maduka, tutagawana. Pendekezo kama hilo halifai kukataliwa kwa hofu wala kukubaliwa kwa furaha. Mali isiyohamishika ya chama si ya Bodi. Uamuzi wa kuiuza au kuiingiza katika ubia ni wa Mkutano Mkuu, na Mrajis hana budi kuridhia. Wanachama waulize mkataba ni wa miaka mingapi, jengo litakuwa la nani mwishoni, na mwaka ambao maduka hayakupata wapangaji chama kitakuwa na mzani wake wapi. Katibu atakayeleta mbele ya Mkutano Mkuu mkataba wa lugha ya Kiingereza usio na tafsiri ya Kiswahili, na kutaka ukubaliwe siku hiyo hiyo, arudishwe akautafsiri kwanza.

Uanachama na idadi

Liko jambo dogo ambalo vyama vingi hulitambua kwa kuchelewa. Masharti ya vyama vya mazao kwa kawaida humtaka mwanachama awe mkulima wa zao husika katika eneo la chama. Vibanja vikigeuka viwanja, kilo hupungua, na baadhi ya waliomo katika rejista hawana tena mbuni hata mmoja, ila bado huja kwenye Mkutano Mkuu na kupiga kura, pengine kura ya kuuza ghala. Rejista ya wanachama isahihishwe kila mwaka kwa kufuata masharti, kabla jambo zito halijaletwa, ili isionekane kwamba fulani ameondolewa kwa sababu ya kura yake. Aliyeuza kibanja karibu na mji akanunua kingine mbali asiachwe hivi hivi. Ahamishiwe chama cha huko pamoja na hisa zake kama masharti yanavyoruhusu.

Wanachama wengine wataendelea kulima ndani ya mji. Kanuni zilizotungwa mwaka 1992 zilikubali ukulima mijini na kuweka kikomo cha ekari tatu kwa mtu, jambo linaloonyesha kwamba sheria zetu hazikuwahi kusema mji na mgomba ni maadui. Mchoro wa mji waweza kutenga maeneo ya kilimo, hasa kwenye miteremko na mabonde ambako kujenga ni hatari. Hakuna atakayeyatenga kama wakulima hawakuyaomba mchoro ukiwa bado ni rasimu.

Kabla ya mkutano wa mpango

Taarifa ya mkutano wa mpango ikifika, katibu aisome kwa wanachama siku ya mnada au ya kupokea kahawa, si kuifungia kabatini. Aende ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya aombe kuuona mchoro, kwa kuwa wananchi wana haki ya kuuona, na achore kwa mkono wake mwenyewe mahali ghala lilipo na barabara inapopita. Wanachama walio ndani ya eneo hilo waorodheshwe pamoja na ukubwa wa vibanja vyao, idadi ya mibuni, mwaka wa kupandwa, na kama kuna makaburi. Wachaguliwe wawili watatu watakaosema mkutanoni kwa niaba ya wengine, mmoja wao akiwa mwanamke, na wasiwe watu waliokwisha kuuza. Pingamizi liandikwe, lipelekwe kwa mkono, na nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa. Maneno yaliyosemwa kwa ukali mkutanoni husahaulika jioni ile ile, lakini barua yenye mhuri hukaa ndani ya faili.

Ugomvi wa mipaka baina ya majirani umalizwe mapema katika Baraza la Ardhi la Kijiji au la Kata, kwa kuwa mpimaji akikuta mpaka una mgogoro huuruka, na kipande kilichorukwa hubaki bila hati kwa wote wawili. Anayekusudia kuishtaki Serikali au halmashauri akumbuke notisi ya siku 90. Asingoje katapila lifike ndipo atafute mwanasheria.

Ramani ile aliyoichora katibu, hata kama mistari yake imepinda, ibandikwe ukutani ghalani karibu na mzani, mahali ambapo kila aletaye gunia atasimama kungoja zamu yake na kukitafuta kibanja chake.